Dreamweaver ya kulipia au programu huria? Jibu langu kwa kijana aliyeniuliza

Juzi kijana mmoja kaniandikia kuhusu Dreamweaver, programu ya Adobe ya kutengeneza tovuti: "Kaka, nijibane nilipie Dreamweaver kila mwezi, au hizi za bure zinatosha?" Nilicheka, kisha nikakumbuka kidonda changu.

Mimi nilianza na Dreamweaver ya kwenye flashi. Unanielewa. Nilinakiliwa dukani kwa bei ya chipsi mayai, nikajiita mtaalamu. Na ilinibeba kweli: unapanga picha, unaandika kama unaandika barua, ukurasa unatokea. Nikapata kazi ya shirika moja, pesa ambayo sikuwahi kuishika. Siku ya kusaini, mhasibu akaomba nakala ya leseni za programu ninazotumia. Nikababaika, nikasema nitaleta kesho. Kazi akapewa mwingine. Hadi leo nikipita pale naangalia upande wa pili.

Kwa hasira nikaifuta, nikahamia KompoZer, ya kutengeneza tovuti pia, ambayo ni huria, yaani ya bure na msimbo wake (maandishi ya ndani yanayoiendesha) uko wazi kwa wote. Muda si mrefu shule niliyowahi kuitengenezea tovuti ikataka kiungo kimoja tu kiongezwe kwenye menyu. Kurasa arobaini! Zote nilizijenga juu ya kiolezo cha Dreamweaver, lile faili la .dwt: ukiligusa moja, kurasa zote zinafuata. Nje ya Dreamweaver kiolezo hicho ni maandishi tu ndani ya msimbo, hakisukumi kitu. Nilibadilisha ukurasa mmoja mmoja mpaka wa kumi na moja, ndipo rafiki akanionyesha Notepad++, programu ya bure ya kuhariri maandishi, inavyotafuta na kubadilisha maneno kwenye folda nzima. Nilitamani kulia.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana wengi mnapenda njia ya mkato. Jifunze kuandika HTML, lugha ya kujengea kurasa za tovuti, kwa mkono. Na usidhani huria haifi. Toleo thabiti la mwisho la KompoZer ni la 2007. Brackets, programu huria ya kuandikia msimbo iliyoanzishwa na Adobe wenyewe, waliacha kuihudumia Septemba 2021. Atom ya kampuni ya GitHub, ya aina hiyohiyo, ikafungwa Desemba 2022. Ila msimbo wa Atom ulikuwa wazi, watu wakauokota wakatengeneza Pulsar. Ya kulipia ikifungwa, nani ataiokota? Kwa hiyo, nasema tena, HTML kwa mkono.

Kama una bosi anayelipia, na umezoea kuona ukurasa unavyokaa huku unaandika, lipia. Hiyo si dhambi. Kama mfukoni ni pako mwenyewe, chukua VSCodium. Ni ileile VS Code ya Microsoft, programu ya kuandikia msimbo, ila imejengwa kutoka kwenye msimbo wa wazi peke yake, chini ya leseni ya MIT, inayomruhusu yeyote kuitumia bure.

Mwaka jana taasisi nyingine iliniomba leseni. Nikawatumia hiyo ya MIT, haijazi hata ukurasa mmoja. Mhasibu wao akanipigia kuuliza risiti iko wapi.