Nyanya gani kwa ndoo ya lita 5?

Ndugu, umeuliza nyanya ipi itazaa vizuri kwenye ndoo ya lita 5 barazani. Achana na zile zinazorefuka bila kukoma, zitakushinda. Chukua Tiny Tim: hufika kama sentimita 30 hadi 45 basi, na ndoo hiyo inaitosha. Micro Tom ni kibeti kabisa, sentimita 15 hadi 20, hata kopo la lita 2 linaifaa, ila kwa kweli ladha yake hainivutii. Usiyang'oe machipukizi ya pembeni. Kwa nyanya fupi ndiyo yanayobeba matunda. Toboa ndoo chini. Kila asubuhi chomeka kidole kwenye udongo, ukiukuta mkavu hadi pingili ya kwanza, mwagilia mpaka maji yatoke matunduni.