Je, Tabaka la Chini Ndilo la Kale Daima?

SWALI: Ndugu Mhariri, jirani na kwangu hapa Moshi kuna machimbo ambayo ukuta wake unaonyesha kokoto za mviringo chini, majivu ya volkano juu yake, kisha udongo mweusi. Upande mmoja mwamba mwembamba umesimama wima, ukipenya kokoto na majivu, lakini udongo umeufunika. Mwanangu amefundishwa shuleni kwamba kilicho chini ndicho cha kale zaidi. Je, kanuni hiyo inatosha?

JIBU: Ndugu msomaji, alichofundishwa mwanao ni sahihi. Nicolaus Steno wa Denmark alikiandika mwaka 1669: katika matabaka yaliyotandazwa moja juu ya jingine, la chini lilitangulia, mradi ardhi haijayapindua. Hata hivyo, kanuni hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu kitu chaweza kuingia katika tabaka muda mrefu baada ya tabaka lenyewe kukamilika.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Bonde la Oldupai. Mwaka 1913 Mjerumani Hans Reck alikuta huko mifupa ya binadamu ndani ya tabaka la pili kutoka chini, akaamini kwamba mtu yule aliishi wakati tabaka hilo likijengeka, yaani zamani mno. Mabishano yalidumu takriban miaka ishirini, hadi udongo uliozunguka mifupa ulipochunguzwa upya, vikaonekana ndani yake vipande vyekundu vinavyofanana na tabaka la tatu, ambalo liko juu zaidi. Tabaka haliwezi kubeba vipande vya tabaka ambalo bado halijakuwapo. Kwa hiyo lile lilikuwa kaburi, lililochimbwa kutoka juu na watu wa baadaye sana. Vipimo vya kaboni vilivyofanywa miaka ya 1970 viliupa mwili huo umri wa miaka 17,000 hivi, ilhali tabaka lililouhifadhi lina zaidi ya miaka milioni moja.

Kwa hoja hiyohiyo, kila kokoto katika machimbo yenu ni kipande cha mwamba uliokuwapo kabla ya tabaka la kokoto, na mwamba uliosimama, ikiwa ni zaha (mwamba ulioyeyuka kwa joto la volkano) iliyopanda kupitia ufa, una umri mdogo kuliko vyote ulivyovipenya, ingawa mguu wake umezama chini kabisa.

Nimesema “ikiwa” kwa makusudi, maana huenda ukawa ukuta wa kale uliozikwa na kokoto na majivu baadaye. Nenda na mwanao mkaangalie pale mwamba unapogusana na majivu. Majivu yakiwa yamegeuka rangi na kuwa magumu kama tofali la kuchomwa, basi zaha iliyakuta yapo ikayaunguza. Yakiwa hayana dalili ya moto, na yana vipande vya mwamba huo ndani yake, basi mwamba ndio uliotangulia.