Unarudi na shahada? Muulize kwanza atakayelipa

Wanaojiandaa kurudi kutoka masomoni nje huniandikia kuuliza mambo yaleyale: TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu Tanzania, wanachukua muda gani kuitambua shahada ya nje, vitabu visafirishwe kwa meli au viachwe hukohuko, gari liagizwe Japani au linunuliwe Dar. Yote hayo yana majibu na hayapatikani kwa shida. Ambalo sijawahi kuulizwa, na ndilo lililoninyima usingizi mwaka wangu wa kwanza kazini, ni hili: siku ukitakiwa kuchagua kati ya ukweli unaoujua na amani ya watu waliokusomesha, utafanyaje?

Pa kuanzia nilipewa na Mfilipino. Nilipokuwa Delft, Uholanzi, nikisomea uhandisi wa maji, niliishi nyumba moja na jamaa wa Mindanao ambaye kila tukibishana juu ya kurudi nyumbani alimleta José Rizal, mwandishi na daktari ambaye ni shujaa wa taifa lao, kama sisi tunavyomleta Nyerere: kumaliza ubishi. Kwao hakuna namna ya kumkwepa. Sheria ya mwaka 1956 inataka maisha na maandishi yake yafundishwe shuleni na vyuoni, ingawa Kanisa Katoliki liliipinga sana wakati inatungwa. Nilianza kumsoma Rizal ili nimshinde yule jamaa kwenye ubishi. Nikaishia kumsoma kwa sababu zangu.

Alizaliwa mwaka 1861 Calamba, mji wa mashamba ya miwa kusini mwa Manila, Ufilipino ikiwa koloni la Hispania. Mwaka 1882 alipanda meli kwenda Hispania kusomea udaktari, kisha akaongeza tiba ya macho Paris na Heidelberg. Wazazi hawakuambiwa kwamba anaondoka. Aliyejua ni kaka yake mkubwa, Paciano, ambaye ndiye aliyempa fedha za safari na kuendelea kumtumia posho ya kila mwezi. Mavuno yakiwa mabaya nyumbani, posho ilichelewa, naye huko Madrid akafunga mkanda. Mwanafunzi yeyote wa Kiafrika anaijua hadithi hiyo bila kusimuliwa.

Sasa tazama fundo lilipo. Ardhi waliyolima miwa haikuwa yao. Waliikodi kwa mapadri wa shirika la Wadominiko, kama karibu mji mzima wa Calamba. Kwa hiyo kijana aliyekaa Ulaya akiandika riwaya ya kuwaumbua mapadri wa Kihispania alikuwa anakula posho iliyotoka kwenye ardhi ya mapadri. Mwenye shamba akikasirika, atakayefukuzwa si mwandishi aliyeko Berlin. Ni Paciano.

Hilo ndilo ninalotaka ulifikirie kabla hujaanza kuupima ujasiri wako. Ujasiri wako haunitii wasiwasi. Ukiwa na shahada ya nje utapata kazi nyingine, na ukishindwa kabisa utaomba ufadhili wa shahada inayofuata. Mimi ufadhili ulinilipia ada na chumba Delft. Lakini kabla ya Delft kulikuwa na sekondari na chuo, na huko alilipa baba mdogo kwa majani ya chai na ndizi za Tukuyu. Hilo halikuandikwa kwenye cheti changu popote.

Rizal alirudi Agosti 1887. Riwaya yake, Noli Me Tangere, ilikuwa imechapwa Berlin mwaka uleule, nakala 2,000, kwa fedha alizokopeshwa na rafiki yake Máximo Viola. Ndugu na marafiki walimwonya asirudi. Alirudi hata hivyo. Macho ya mama yake yalikuwa yanakufa, alitaka kuona kitabu kimepokewaje, na kulikuwa na binti, Leonor Rivera, ambaye barua zake zilikuwa zimekatika. Baba yake akamkataza kwenda kumwona, kwa hofu kwamba atawaponza wazazi wa yule binti. Mtu aliyekuwa tayari kugombana na kanisa zima alimtii baba yake kwa hilo, na hawakuonana. Baadaye Leonor aliozwa kwa Mwingereza. Watu huipita sehemu hii haraka kana kwamba ni mambo ya mapenzi tu. Mimi naona ndiyo mara ya kwanza alipokubali kwamba hatari yake ina jirani.

Ushauri wa kazi nauchukua kwenye miezi hiyo ya Calamba. Hakuanza kwa mikutano. Alifungua zahanati na kutibu macho, wagonjwa wakaja kutoka miji ya mbali, na kwa kuwa alitokea Ujerumani wakamwita Doctor Uliman, yaani daktari Mjerumani. Gavana akampa afisa wa kumlinda, Luteni José Taviel de Andrade, ambaye bila shaka alitakiwa pia kumwangalia. Wakawa marafiki: wanapanda mlima pamoja, wanacheza panga pamoja. Nawe ukirudi, miezi ya kwanza fanya ile kazi uliyoisomea, uifanye mpaka mtu wa kijijini aione kwa macho yake. Mtu aliyemtengenezea jirani pampu husikilizwa tofauti na mtu aliyekuja na hotuba. Sisemi kwamba itakukinga. Rizal haikumkinga.

Kilichomharibia makazi nyumbani hakikuwa riwaya peke yake. Ilikuwa ripoti. Serikali iliulizia habari za shamba la Calamba, kodi zake na hali ya wapangaji, na watu wa mji wakamwomba msomi wao awasaidie kujibu. Akakusanya ushahidi, akaandika, na Januari 1888 yeye na wenzake wakatia saini: kodi inapanda kila mwaka, na mtu akichelewa kulipa ananyang'anywa. Hakuna tusi humo. Ni taarifa tu. Mwezi uliofuata alikuwa melini kuelekea Hong Kong, baada ya gavana kumshauri aondoke na familia kumsihi hivyohivyo.

Mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwamo. Mwaka 1889 shemeji yake, Mariano Herbosa, mume wa dada yake Lucía, alikufa kwa kipindupindu, na kanisa likakataa azikwe makaburini. Mwaka uliofuata mgogoro wa ardhi ukafika mahakamani, wapangaji wakashindwa, askari wakaletwa, watu wakatolewa majumbani. Wazazi wa Rizal waliondolewa Calamba, Paciano akapelekwa uhamishoni kisiwa cha Mindoro. Rizal alikuwa wapi? Brussels, Madrid, Ghent, akiandika na kubisha hodi kwenye ofisi za wakubwa.

Nieleze yangu sasa, maana pasipo hiyo nitaonekana nahubiri.

Ofisi iliyoniajiri baada ya kurudi ilikuwa na mradi wa kisima kirefu katika kijiji kimoja, na mhandisi wa kutia saini cheti cha kukamilika kwa kazi nilikuwa mimi. Karatasi ya mkandarasi ilisema kisima kinatoa lita 5,000 kwa saa. Nilikwenda nikawasha pampu, nikaiacha mpaka maji yakatulia, kisha nikaweka ndoo ya lita 20 chini ya bomba na simu mkononi ikihesabu. Kwa lita 5,000 ndoo hiyo ijae kabla ya sekunde 15. Ilijaa kwa sekunde 45. Piga hesabu: lita 1,600. Kina mama waliokuwa wamesimama na ndoo zao walikuwa wananitazama mimi, hawaitazami ile ndoo. Wao majibu walikuwa nayo tangu kiangazi.

Bosi hakunitisha. Aliniambia kwa upole kwamba fedha za mwaka zinafungwa mwisho wa Juni, kwamba pampu itarekebishwa baadaye, na kwamba mdogo wangu, aliyekuwa karani wa mkataba katika ofisi hiyohiyo, anafanya kazi vizuri. Hilo la mwisho alilisema kama salamu.

Ningeweza kukataa palepale na kujisikia shujaa. Nilipanda basi nikaenda Tukuyu. Nilimweleza baba mdogo kila kitu, mdogo wangu akiwa amekaa pale pale. Baba akaniuliza maswali ya fundi, si ya mzee: kisima kina urefu gani, pampu imefungwa wapi, nani aliipima mara ya kwanza. Halafu akauliza, "Ukikataa, anaguswa nani?" Nikamwonyesha mdogo wangu kwa kidevu, maana mdomo ulikuwa mzito.

Yeye ndiye aliyenijibu. "Kaka, mkataba wenyewe unaisha Juni. Ukitaka kusaini, saini. Usinifanye mimi kisingizio."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema jambo moja zaidi: nisikatae kusaini, nisaini kile nilichokipima. Niliporudi niliandika lita 1,600, nikaeleza nilivyopima, nikaweka sahihi yangu chini. Mkataba wa mdogo wangu haukuongezwa, mimi nikahamishiwa kituo kingine. Sasa ana duka la stationari karibu na stendi, na kuna siku ananikumbusha kwamba mshahara wa ofisini ulikuwa mkubwa kuliko faida ya duka. Ananikumbusha akicheka, lakini ananikumbusha.

Tofauti ninayoitafuta iko hapo. Mtu akilipa kwa hiari yake, lile ni deni unaloweza kuishi nalo. Akilipishwa bila kuulizwa, hata ukiwa na haki yote duniani, umemtumia. Paciano nadhani alijua tangu mwanzo anachokifadhili. Ndiye aliyetaka mdogo wake aende. Lakini Mariano Herbosa nani alimuuliza?

Naamini Rizal aliliona hilo. Mwaka 1892 wazazi na ndugu zake walikuwa wamemfuata Hong Kong, alikuwa na wagonjwa wa macho na kipato kizuri, na hakuna aliyemlazimisha kurudi. Akaandika barua mbili, moja kwa familia na moja kwa Wafilipino, zifunguliwe akifa, akamwachia rafiki yake daktari Mreno. Sababu aliyoitaja ni kwamba watu wengi wasio na kosa wanateswa kwa ajili yake, na ni afadhali akabiliane na kifo yeye mwenyewe ili waachiwe. Juni akapanda meli. Aliyesafiri naye ni Lucía, yule mjane. Julai alianzisha chama chake, siku chache baadaye akakamatwa na kupelekwa Dapitan, huko Mindanao, akakaa miaka minne akifundisha watoto na kutibu macho.

Wengine humwona mpumbavu kwa kurudi. Mimi naona alikuwa anajaribu kuihamisha hesabu iende kwa jina lake.

Kuna mgogoro mmoja zaidi, nao ni wa aina nyingine: watu wako watataka uongoze jambo usiloliamini. Mwaka 1896 wanamapinduzi wa Katipunan walimtuma Pío Valenzuela Dapitan, akiwa amefuatana na kipofu ili ionekane ni safari ya matibabu. Walitaka baraka zake waanze vita. Rizal akakataa: watu hawana silaha, watachinjwa. Agosti vita vikaanza hata hivyo, na Desemba 30 mwaka huohuo alipigwa risasi Manila kama kiongozi wa maasi aliyoyakataa, akiwa na miaka 35. Wafilipino wanabishana mpaka leo kama alikuwa na haki kuyakataa. Jamaa yangu wa Mindanao alisema hapana. Mimi nasema ndiyo, na tulilala bila kupatana. Kwako litakuja kwa sura ndogo: utaombwa ugombee udiwani, au uwe mwenyekiti wa kamati ambayo imeshaamua kila kitu na inatafuta jina lenye "Daktari" mbele. Kama hukubaliani na jambo, sema mapema na useme mbele za watu. Jina lako litatumika hata ukinyamaza.

Najua kuna watakaosoma hapa waseme, basi mimi nabaki Ulaya. Nyumba za Calamba zilibomolewa Rizal akiwa Ulaya. Siku hizi mtu anaandika Facebook akiwa Birmingham, anayeitwa ofisini kwa mtendaji kata ni mama yake.

Kwa hiyo kabla hujakata tiketi, piga simu nyumbani, si ya kuuliza waletewe nini. Uliza nani katika ukoo ana ajira ya mkataba na mkataba unaisha lini. Uliza shamba na nyumba vimeandikwa jina la nani, na kama ni vya kupanga, mwenyewe ni nani na ana undugu na nani. Uliza nani ana mkopo aliodhaminiwa na mkubwa wa kijiji. Waeleze kazi unayokwenda kufanya ni ya kutia saini vitu gani. Halafu nyamaza uwasikilize, hasa mdogo kuliko wote, ambaye huwa haulizwi.