Wewe unaiona diski Z, programu haiioni

Nilipoteza siku mbili nzima kwa sababu ya herufi moja. Nilikuwa nimeandika kijiprogramu cha kunakili ripoti kila usiku kwenda kwenye folda ya pamoja ya seva, ambayo kwenye kompyuta yangu ilionekana kama diski Z. Nikikiendesha mwenyewe mchana, mambo shwari. Nikiiachia Windows ikiendeshe usiku, asubuhi nakuta ujumbe uleule: njia haikupatikana. Nikabadilisha waya wa mtandao, nikazima ngome ya kompyuta, yaani firewall (usiniige), nikalaumu kila kitu isipokuwa msimbo wangu.

Kumbe diski ya mtandao si mali ya kompyuta. Ni ya kikao cha mtu aliyeingia, yaani kipindi chake cha matumizi tangu aingie kwa akaunti yake. Kazi inayoendeshwa usiku ina kikao chake, na humo hakuna Z. Hata wewe mwenyewe ukifungua programu kama msimamizi, kwa kawaida Windows hukuweka kwenye kikao kingine, Z yako ikabaki upande wa pili. Unaapa unaiona, programu nayo inaapa haipo, na hakuna muongo hapo.

Ndani ya programu, achana na herufi. Andika njia kamili: \\seva\ripoti. Kwenye C# au Python kumbuka kurudia kila mkwaju (\), "\\\\seva\\ripoti", la sivyo utaanza kutafuta kosa lingine kabisa.

Kisha jiulize: programu inabisha hodi kwa jina la nani? Akaunti hiyo inahitaji ruhusa mara mbili, ya folda iliyoshirikishwa na ya faili zenyewe, na iliyo finyu zaidi ndiyo inayoshinda. Kama lazima programu itoe jina na nenosiri lake, Windows ina amri ya kuita ndani ya msimbo, WNetAddConnection2, kwa kazi hiyo. Angalia tu kosa 1219: tayari umeunganishwa na seva hiyohiyo kwa jina jingine, na Windows haikubali majina mawili kwa mpigo. Kosa 53 ni la njia, kwa hiyo kagua jina la seva na mlango 445 (port), ambao folda za pamoja za Windows hupitia. Kosa 5 lina nafuu yake, maana seva umeifikia, ila umenyimwa ruhusa.

Siku hizi, kabla ya kugusa folda yoyote, programu zangu huandika kwenye faili ya kumbukumbu (log) jina la akaunti inayoziendesha. Ni mstari mmoja tu wa msimbo, nami nimeuweka hata kwenye kile kijiprogramu cha ripoti.