Maswali ya wasomaji: Kusomea misitu ukiwa Lubumbashi

Kati ya barua tulizopokea mwezi huu, tatu zinahusu masomo ya misitu na matumizi yake. Tumezijibu pamoja kwa sababu mwenye kusoma jibu la kwanza atalielewa vizuri zaidi la tatu.

Ndugu Mhariri, nimepata Diploma ya Serikali katika sehemu ya biolojia na kemia, nami ninakaa Katuba pamoja na wazazi wangu. Ningependa kusomea misitu chuoni, lakini rafiki zangu wanasema kwamba msitu wa kweli uko Kisangani na Équateur, na kwamba hapa Katanga mtu mwenye akili husomea madini au sheria. Je, masomo hayo yanafundisha nini, yanachukua miaka mingapi, na mtu wa Lubumbashi ana sababu gani ya kuyafuata?
*Msomaji wa Katuba*

Mwanangu, nianze na hao rafiki zako, kwa sababu wanayoyasema husemwa pia na watu wazima wenye madaraka. Wanadhani kwamba msitu ni ule tu wa miti mirefu iliyofungamana, ambamo jua halifiki chini. Ni kweli kwamba nchi yetu ina sehemu kubwa zaidi ya msitu wa bonde la Kongo, ambao miongoni mwa misitu ya mvua duniani unatanguliwa na ule wa Amazon peke yake. Lakini ardhi inayoizunguka Lubumbashi ni ya miombo, yaani msitu wa wazi ambamo nyasi huota chini ya miti, na ambao hupata takriban milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Aprili, kisha hukaa miezi mingi bila tone. Msitu wa aina hii unaenea kutoka Angola hadi Tanzania na Msumbiji. Miti yake mikuu ni ya jamii za Brachystegia, Julbernardia na Isoberlinia, na mingi kati yake huishi kwa kushirikiana na kuvu walioko mizizini: kuvu huupa mti madini na maji, mti nao huwapa kuvu sukari. Uyoga mwingi unaouzwa kandokando ya barabara zetu mvua zinapoanza ni matunda ya ushirikiano huo, na miti ikikatwa yote, uyoga wa aina hiyo hutoweka pamoja nayo. Profesa François Malaisse alitumia miaka mingi kuchunguza miombo ya Luiswishi, karibu kabisa na mji wetu, naye asingefanya hivyo kama hapa pasingekuwa na msitu wa kusomewa.

Sasa, masomo yenyewe. Ukiyaondolea mapambo yote, yanatafuta kujibu swali moja: msitu huu unaweza kutoa kiasi gani, kwa muda gani, bila kupungukiwa? Kila somo utakalopewa linahudumia swali hilo, na ninakusihi ulikumbuke siku utakapochoshwa na takwimu. Utajifunza kuutambua mti kwa gome, jani, tunda na harufu ya mbao zake, kwa sababu huwezi kuhesabu usichokifahamu. Utajifunza kupima unene wa shina katika kimo cha mita 1.30 kutoka ardhini, kipimo ambacho wataalamu wa misitu wanakitumia karibu duniani kote ili hesabu ya Lubumbashi iweze kulinganishwa na ya Yangambi, upande wa Kisangani, au ya Brazili. Utajifunza udongo, ekolojia, ramani, picha za satelaiti, uchumi na sheria, na juu ya hayo utajifunza namna ya kuzungumza na watu wanaoutegemea msitu, jambo ambalo baadhi ya wahandisi hulidharau mpaka watakapofukuzwa kijijini.

Nikupe mfano wa mukula, ambao kila mtu wa Haut-Katanga ameusikia. Mti huu, Pterocarpus tinctorius kwa jina la kisayansi, ulikatwa kwa pupa kwa ajili ya soko la China, na malori yaliyoubeba yalijulikana na wote. Mwaka 2019 uliingizwa katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na mwaka 2022 mkutano wa nchi wanachama huko Panama uliamua kuwaingiza ndugu zake wote wa Afrika. Kuwamo katika kiambatisho hicho si marufuku ya biashara. Maana yake ni kwamba nchi inayouza nje lazima kwanza ithibitishe kuwa ukataji hauhatarishi maisha ya mti huo porini. Ni nani awezaye kuthibitisha hivyo kwa haki? Ni yule tu aliyeingia msituni akahesabu miti mikubwa na michanga, akajua inakua kwa kasi gani, akakokotoa ni mingapi inayoweza kutolewa. Pasipo mtu huyo, muhuri unapigwa juu ya karatasi tupu.

Mfano wa pili ni moto, na hapa ninakuomba univumilie, kwa maana ni jambo ambalo ningependa kila mkazi wa Katanga alijue. Ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, huko Ndola nchini Zambia, mtafiti Trapnell alianzisha mwaka 1933 jaribio la kuchoma miombo kwa nyakati tofauti. Vipande vingine vilichomwa kila mwaka mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu. Vingine vilichomwa mwishoni mwa kiangazi, kila kitu kikiwa kimekauka. Vingine vililindwa visipate moto kabisa. Baada ya miaka mingi, vile vilivyochomwa mwishoni mwa kiangazi vilikuwa vimepoteza karibu miti yake yote na kugeuka nyasi, vile vya moto wa mapema viliendelea kuwa msitu, na vile vilivyolindwa vilizidi kufungamana. Ardhi ni ileile na mvua ni ileile. Kilichotofautiana ni moto. Tena miti mingi ya miombo huchipua upya kutoka kwenye kisiki na mizizi, hata baada ya kukatwa kwa ajili ya makala, yaani mkaa. Kwa hiyo mara nyingi njia nafuu ya kuurudisha msitu wetu ni kuviacha visiki hai na kuvikinga na moto wa Septemba, kabla ya kufikiria kununua miche. Ninaona uchungu kila ninaposikia sherehe ya kupanda miti ikifanyika mahali ambapo visiki vya asili vinachomwa kila mwaka bila mtu kusema neno.

Kuhusu miaka, katika mfumo wa LMD (lisansi, masta, udaktari) unaofuatwa sasa na vyuo vyetu, lisansi ni miaka 3 na masta ni miaka 2, ndipo hufuata udaktari kwa anayetaka utafiti. Hapa mjini njia ya kawaida ni kupitia kitivo cha sayansi za kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambako mwanafunzi huanza na msingi wa kilimo kabla ya kuelekea maliasili. Kule Kisangani kuna chuo kikuu cha mji huo pamoja na IFA ya Yangambi, taasisi ya sayansi za kilimo. Yangambi yenyewe, kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1933 na INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo ya enzi ya Wabelgiji, ina hifadhi ya mimea iliyokaushwa yenye sampuli zipatazo 150,000, hazina isiyo na mfano katika Afrika ya Kati. Kwa masomo ya juu zaidi ipo ERAIFT, shule ya usimamizi wa misitu ya kitropiki, mjini Kinshasa, iliyoanzishwa mwaka 1999 kwa msaada wa UNESCO ili kuwafundisha Waafrika wenye digrii tayari. Wewe uliyetoka katika biolojia na kemia una msingi mzuri. Tia nguvu katika hesabu tangu sasa, kwa sababu wengi hukwama hapo.

Kabla ya kulipa minervali, yaani karo, mahali popote, nenda ukawaone wanafunzi wa mwaka wa tatu, si ofisi peke yake, uwaulize wamelala msituni siku ngapi tangu walipoanza, nani aliwaongoza, na kama wamewahi kushika wenyewe mkanda, dira na GPS. Chuo kinachofundisha misitu kwa ubao tu kitakupa cheti, lakini kijiji cha kwanza utakachofika kitatambua kwamba hujui mti. Ukikuta chuo kina jina dogo na walimu wanaoingia porini pamoja na wanafunzi wao, mimi ningekichagua hicho.

Baba Mhariri, binti yangu ameandikishwa katika kilimo, naye anasema mwaka ujao atachagua misitu. Ameniambia kwamba staji, yaani mafunzo ya vitendo, zitamlaza porini wiki nzima. Je, kazi hii inamfaa msichana, na atakapomaliza atalipwa na nani?
*Mzazi wa Ruashi*

Baba mpendwa, hofu yako kuhusu staji ni ya haki na haifai kupuuzwa kwa maneno matamu. Una haki ya kukiuliza chuo wanafunzi watalala wapi, kiongozi wa safari ni nani, kama kuna mwalimu au msaidizi wa kike, na kama viongozi wa kijiji wamearifiwa mapema. Chuo makini kitakuwa na majibu kabla hujamaliza kuuliza. Wakikujibu kwa kuchoka, usimkataze binti kusoma, bali dai mipango iliyo bora, ukishirikiana na wazazi wengine.

Kuhusu kumfaa msichana, fikiria ni nani katika vijiji vyetu wanaookota kuni, uyoga, viwavi na dawa za mizizi. Kwa sehemu kubwa ni mama zetu. Mara nyingi mtafiti wa kiume akija kuuliza hujibiwa na mzee wa kijiji, naye huondoka akiwa ameandika habari za mbao peke yake. Binti yako ataketi na akina mama na kupata nusu ya habari ambayo imekosekana katika ripoti nyingi, na hilo peke yake lingetosha kwangu kusema kwamba fani hii inamhitaji.

Mshahara sasa. Serikali huajiri wachache, tena kwa kuchelewa, kwa hiyo asiitegemee peke yake. Ipo ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia mbuga za taifa, na kwetu kuna Upemba iliyoanzishwa mwaka 1939 na Kundelungu ya mwaka 1970. Lakini katika Katanga mlango ulio mpana zaidi, ingawa wanafunzi wengi hawauoni, ni ule wa migodi. Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inamtaka mwenye mgodi afanye uchunguzi wa athari kwa mazingira na jamii, awe na mpango wa kuzisimamia, na kurekebisha ardhi aliyoiharibu. Kazi hizo zinahitaji mtu anayejua mimea itakayokubali kuota katika udongo wenye shaba. Elimu hiyo imejengwa hapahapa: kuna mimea kama Haumaniastrum katangense inayostahimili shaba nyingi kiasi cha kuwaonyesha watafutaji madini mahali pa kuchimba, na katika mtaa wa Penga Penga, ulioangukiwa kwa miaka mingi na moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba, watafiti wamejaribu kuifunika ardhi kwa nyasi za Microchloa ili vumbi lenye sumu lisisambae. Binti yako akiyajua hayo, pamoja na ramani za kompyuta kupitia programu ya bure ya QGIS na picha za satelaiti za Sentinel-2 zinazotolewa bila malipo, atakuwa na kitu cha kumwonyesha mwajiri zaidi ya cheti.

Ndugu Mhariri, mimi ni mchomaji makala upande wa Kasenga. Sikumaliza shule. Kila mwaka tunakwenda mbali zaidi kutafuta miti, na wageni wanakuja kukata katika ardhi ya wazee wetu. Hao wanaosomea misitu watatusaidia nini sisi?
*Msomaji wa barabara ya Kasenga*

Ndugu yangu, unayoyaeleza yanalingana na hesabu. Tanuri la udongo la kawaida hutoa kilo 1 hadi 2 tu za makala kwa kila kilo 10 za mti, na mji wetu, ambao umeme wake hukatika mara kwa mara, unapika kwa mbabula, yaani jiko la makala, asubuhi na jioni. Kuni zikikaushwa vizuri kabla ya kuchomwa, zikapangwa bila mianya mikubwa, na hewa ikadhibitiwa kwa uangalifu, mavuno huongezeka, nawe huhitaji diploma kwa hilo. Kata kwa zamu, kipande baada ya kipande, na uwazuie wenzako wasiwashe moto wa mwisho wa kiangazi mahali mlipokwisha kukata.

Kuhusu wageni, sheria iko upande wenu kuliko mnavyofikiri. Sheria ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 inaruhusu jumuiya ya wenyeji kupewa msitu inaoumiliki kwa desturi, na amri nambari 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 inaeleza utaratibu wake: eneo lisizidi hektari 50,000, hutolewa bila malipo, bila kikomo cha muda, kwa uamuzi wa gavana wa jimbo. Hapo ndipo mwanafunzi wa misitu anapowafaa, kwa sababu ombi linahitaji ramani, na baadaye msitu wenu utahitaji mpango wa usimamizi unaoonyesha sehemu ya kukata, sehemu ya kulinda na sehemu ya kulima. Waiteni waje kufanya staji kwenu. Wanahitaji mahali pa kujifunzia, nanyi mnahitaji hesabu. Ila msiwaachie wachore ramani peke yao. Tembeeni mpaka wote pamoja na wazee wenu na wazee wa vijiji jirani, mkubaliane kila kijito na kila kichuguu kinachotumika kama alama, kabla karatasi yoyote haijapelekwa kwa mkuu wa eneo.