Kansela aliyetoka ghala la nafaka

Mkuu, umeuliza ni kansela (mkuu wa serikali) gani wa Ujerumani aliyekaa muda mfupi wakati wa vita. Mwenzetu mmoja ameshamtaja Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, aliyekaa siku moja mwaka 1945. Kwa hesabu yuko sawa, ila ile haikuwa serikali tena, yalikuwa matanga. Mimi nakuletea Georg Michaelis wa 1917, Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa sababu mtu wa aina yake nimefanya naye kazi.

Nimekuwa karani wa ghala la mahindi Songea miaka sita. Bosi wetu alikuwa hatari kwenye mizani, gunia likipungua kilo mbili anajua zimepotelea wapi. Wakampandisha cheo, akawa mtu wa vikao na wanasiasa. Mwaka haukuisha.

Michaelis ndiye huyo huyo. Mwanasheria, ujanani alifundisha Tokyo, kisha akapanda ngazi wizara ya fedha ya Prussia, dola kubwa kuliko zote ndani ya Ujerumani. Waingereza walipofunga bahari na mkate ukawa wa mgao, yeye ndiye aliyesimamia nafaka. Julai 14, 1917, baada ya majenerali wakuu Hindenburg na Ludendorff kumshinikiza kansela Bethmann Hollweg aondoke, akapewa kiti. Wabunge wengi hawakumjua. Ndiye kansela wa kwanza asiye wa ukoo wa kikabaila.

Siku tano baadaye Bunge likapitisha azimio la kutaka amani bila kunyakua ardhi za watu, kura 212 dhidi ya 126. Akalikubali, halafu akachomekea: "kama ninavyolielewa mimi". Yaani ni sawa na kusaini hati ya kupokea mzigo, kisha pembeni unaandika idadi utaamua mwenyewe. Nani atakupa mzigo tena?

Kiangazi hicho mabaharia wakagoma melini, wawili wakapigwa risasi Septemba 5. Oktoba akasimama bungeni kukibebesha lawama chama cha wasoshalisti waliojitenga, ushahidi hana. Hata waliokuwa wakimvumilia wakamgeuka. (Mwezi huo huo huku kwetu Lindi, Mahiwa, watu walikuwa wanauawa na kujeruhiwa kwa maelfu kwa ajili ya dola yake na ya Mwingereza.) Oktoba 31 ikawa basi, akaingia kansela mwingine, Hertling.

Baadaye alipewa kusimamia jimbo la Pomerania, kazi ya utawala tu, akafariki 1936. Bosi wangu naye aliandika barua mwenyewe kuomba arudishwe ghalani.