Uzamili kwa muuguzi mwenye shahada

Ndugu, umeuliza iwapo muuguzi aliyesajiliwa mwenye shahada analazimika kusomea afya ya jamii ili apate uzamili. Halazimiki. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili hutoa uzamili wa uuguzi wenyewe, katika fani kama huduma kwa wagonjwa mahututi na majeruhi, afya ya akili, na ukunga na afya ya wanawake. Ikiwa unapenda kubaki wodini, chagua mojawapo ya fani hizo. Afya ya jamii, ambayo wengi wetu huikimbilia kwa mazoea tu, humfaa zaidi anayelenga uratibu wa miradi au kazi za halmashauri. Kabla ya kuomba, hakikisha leseni yako kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania haijaisha muda wake.